Mama Apewe Miguu

Niliambiwa mama yangu amekufa wakati mama mwenyewe yuko nyuma ya nyumba anamimina mawese kwenye chupa.

Aliyeniletea habari alikuwa mteja wangu, mama mmoja wa kule karibu na stesheni ya treni, ambaye kila mwaka namshonea nguo ya Pasaka. Alipanda barazani taratibu, akavua kandambili zake kama anaingia kanisani, akaninong'oneza, "Pole sana. Sasa familia imechagua kikwembe gani?" Nilikuwa nimeinama juu ya cherehani natafuta tundu la sindano. Nikamuuliza kikwembe cha nini. Akaniangalia kwa huruma. "Cha kilio, mupenzi."

Kwetu Kalemie, mtu akifa familia inachagua kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja na wanawake wote wanashona sare. Kwa hiyo sisi washonaji tunajua msiba kabla ya padri. Leo kuna msiba ambao mimi siujui? Nikauliza ni kilio cha nani. "Cha mama yako," akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nyumba, kali kama kawaida yake: "Nani amebeba kikombe changu cha kupimia? Katika nyumba hii vitu vinatembea na miguu yao?"

Yule mteja aliruka. Sisemi uongo, aliruka, akashuka barazani bila viatu, na kandambili zake sikumwona akizifuata tena.

Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua. Nilitoka mbio nimkamate anieleze huu ni ujinga gani. Nilimkuta kando ya barabara, mkono kifuani, ananyoosha kidole kwenye ukuta wa nyumba yetu. "Si mumemuweka pale?" akasema.

Nikageuka nikatazama. Ukuta ule nilikuwa nimeuona jana yake ukimalizika, na nilipiga makofi pamoja na watu wote. Sasa niliuona kwa macho ya mtu anayepita tu. Sura ya mama, kubwa, kuanzia kilemba hadi kifuani, macho yanatazama mbele moja kwa moja. Huku na huku kwa sura, matawi mawili ya mchikichi, ya kijani kibichi, yameinamiana.

Eh, Mungu wangu.

Kwa asiyekaa kwetu nieleze. Mtu akifa, watu wanakata matawi ya mchikichi na kuyasimika mdomoni mwa njia, ili anayepita ajue huku kuna kilio, azime muziki, apunguze mwendo. Na picha ya marehemu inachapwa kwenye fulana na kwenye kitambaa kikubwa, kichwa na kifua tu, anatazama mbele. Matawi na picha ya kifua. Hakuna mtoto Kalemie asiyejua kuyasoma hayo mawili, hata yule ambaye hajawahi kuingia shule.

Na sisi tulikuwa tumemchora mama hivyo hivyo, kwa mikono yetu, tukashangilia.

Lazima niseme jinsi tulivyofika hapo, kwa sababu nia haikuwa mbaya. Kando ya nyumba yetu inapita njia nyembamba, sisi tunaiita kanjia. Inatoka kwenye avenue, barabara ya mtaa, inabanwa kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani, inazunguka nyuma ya nyumba nyingine, inateremka hadi ziwani mahali wanaposhusha ndagala, dagaa wa kwetu. Ziwa lilipopanda miaka ile, maji yaliingia humo hadi magotini. Yaliporudi yakatuachia tope, mifuko, kiatu cha huyu na sufuria ya yule, na harufu. Baada ya hapo watu wakageuza kanjia kuwa choo. Usiku ikawa ya wezi. Wanawake waliokuwa wakishuka kununua samaki alfajiri walinyang'anywa hela na simu, na mmoja alisukumwa akavunjika mkono. Mimi mwenyewe nilikuwa nazunguka kwa barabara kubwa na mzigo kichwani, natukana njia nzima.

Shefu wa avenue yetu, ndiye mkuu wa mtaa, mzee mmoja mwenye maneno machache na filimbi shingoni, ndiye aliyeanza. Aliita vijana wote wanaokaa bure wakachota tope, wakafukia, wakasugua kuta. Halafu akaenda kwa wenye mitumbwi kuomba mabaki ya rangi, ile rangi nzito wanayopaka mbao isishikwe na maji. Akamleta fundi wa kuchora.

Fundi alikuwa mtu wa pwani ya ziwa upande wa kaskazini, huko Wabembe wanakotoka, baba wa watoto wengi, mpole kupita kiasi. Kalemie nzima inajua mkono wake. Majina kwenye mitumbwi ni yake. Vichwa vya wanawake kwenye salon za kusuka ni vyake. Na vitambaa vikubwa vya kilio, vile vinavyotandikwa mbele ya nyumba ya msiba, vingi ni vyake. Hilo la mwisho tulilijua wote. Hakuna aliyelifikiri.

Alichora treni inaingia kutoka Nyunzu, magunia ya mahindi juu na mbuzi anachungulia dirishani. Alichora taa za wavuvi, na ndagala chini ya taa wengi hadi unasikia kelele yao. Alichora mtu anashona wavu, na wavu wenyewe ukapita juu ya mlango wa jirani ukaendelea upande wa pili. Watu walianza kuja kutazama tu. Halafu mwanamke mmoja akaleta meza yake ya maandazi. Mwingine akaleta benchi. Mwenye nyumba ya chini akafunga taa ya sola kwa gharama yake, yeye ambaye hata chumvi hakuwa akikopesha! Watoto wakapata mahali pa kuruka kamba. Maharusi wakaja kupiga picha mbele ya treni. Nikaanza kupita kanjia na mzigo wangu, bila kutukana mtu.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wetu, wa mdomoni kabisa. Watu wakasema awekwe mama wa mawese, kwa sababu hakuna chungu katika kanjia hii kisichojua mafuta yake. Mama alicheka, akaficha mdomo na kiganja, akasema mumekosa wazuri? Kesho yake, kabla sijaamka, alikuwa ameshampelekea Fundi picha yake ya pekee, ile ya kadi ya uchaguzi, iliyokuzwa studio. Na akamwambia, "Uweke na muchikichi, watu wajue kazi yangu." Fundi alipima ukuta, akaona mti mzima hauingii, akaweka matawi.

Njo hivyo tu. Kosa lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Nilipomweleza mama, alicheka hadi akakaa chini. "Mimi nimekufa? Basi wanipikie wali wa kilio, niukule mwenyewe." Akaenda kujionea ukuta, mikono kiunoni, akasema hata hivyo amependeza. Mimi sikucheka. Niliuliza kwenye avenue nikaambiwa picha imeshapigwa kwa simu tangu jana, imetumwa huku na huku. Mmoja aliandika tazameni mama yetu wa mawese. Mwingine akajibu Mungu amupokee. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena.

Nikampigia mama mudogo, mdogo wake mama, anayelima kule Nyunzu. Simu haikupita. Nikapiga tena, haikupita. Nilipiga hadi kidole kikauma, na moyoni nilikuwa najua haipiti kwa sababu gani: alikuwa njiani, porini, mahali pasipo na mtandao.

Asubuhi iliyofuata mteja wa kwanza wa mafuta alisimama mbali na meza, akaniomba mimi nimpimie. Mama alikuwa ameshika kikombe tayari. Wa pili akasema atarudi kesho. Wa tatu alipita upande wa pili wa njia akijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu. Mama alifuta mikono yake taratibu kwenye kikwembe. Hakucheka tena.

"Lisemwalo lipo," akasema.

"Mama, acha mambo hayo."

"Kama halipo, liko njiani laja."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia methali ni za watu wasio na kazi, sisi tuna mafuta ya kuuza. Akafunika chupa zake, akaingia ndani.

Mama mudogo alifika juu ya lori la mahindi. Nilisikia kabla sijaona. Kilio kilianzia mdomoni mwa kanjia, mbele ya ukuta, na wote mliowahi kumsikia mwanamke wa kwetu akimlilia yaya yake, dada yake mkubwa, mnajua sauti ile haina mlango inaoheshimu. "Yaya! Umeniacha na nani, Yaya? Siku ya vita ulinibeba mugongoni, nilikuwa muntu muzima na ulinibeba! Sikukuambia aksanti, Yaya! Nilisema nitasema kesho!"

Nilikuwa nashona. Mama alikuwa kitandani amejinyoosha kidogo, mlango wazi. Sote wawili tulisikia kila neno. Nikataka kukimbia nimnyamazishe, lakini mama alishatoka, ananipita, anatembea pole pole kufuata sauti, mkono mmoja ukutani.

Mama mudogo alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, ameukumbatia ukuta. Pembeni yake kulikuwa na gunia la unga na kuku wawili waliofungwa miguu, chakula cha walio kwenye matanga. Mama akamwita kwa jina lake la utotoni. Mama mudogo akageuka. Akamwona dada yake amesimama chini ya sura ya dada yake. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma kwa makalio, akirudi, akirudi, hadi mgongo ukagonga ukuta wa jirani, na kitambaa cheusi kikamvuka kichwani.

Alikuwa amenyoa, kama wafiwa wanavyonyoa kwetu. Kichwa kizima, kinang'aa, na alama za wembe.

Watu walikuja, wakamwinua, wakamwagia maji usoni, wakamweleza. Wakaanza kucheka, na yeye akacheka kwa kulia. Hata shefu alicheka. Mimi nilimwangalia mama. Alikuwa anakitazama kile kichwa.

"Amenyoa," akaniambia tulipoingia ndani. "Nywele zimekwisha kuanguka chini, unaweza kuzirudisha? Nimeliliwa, mutoto wangu. Kilio changu kimekwisha."

Akalala, akageukia ukutani.

Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu. Siku iliyofuata nilipika bukari, ugali wa kwetu, na samaki mbichi anaowapenda, nikarudisha sahani ilivyo. Nikapika uji, akaonja kijiko akatema. Nilimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika. Wakampima malaria, hakuna. Wakapima sukari, hakuna. Muganga akasema presha imeshuka, mama ale, anywe, atembee. Asante sana, Daktari, nani hajui hilo? Niliporudi nyumbani nilipiga teke ndoo hadi jirani akatoka kuangalia.

Mama mudogo alikaa jikoni, hakuthubutu kuingia chumbani. Kila akikaribia mlango, mama alifumba macho. "Yule ananizika kila nikimuona," akasema. Dada wawili ambao walikimbia vita pamoja, wakala mizizi pamoja, sasa mlango mmoja umewatenga, kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya rangi!

Kila jioni uso wa mama ulikuwa mdogo kuliko asubuhi. Mikono ile iliyokuwa ikibeba madumu ya mafuta ilikuwa imelala juu ya shuka, haina kazi. Nilimwogopea. Niliogopa hadi nikawa mkali kwa kila mtu, kwa wateja, kwa watoto wangu, kwa kuku wa mama mudogo.

Basi nikakoroga chokaa. Ndoo nzima. Nikachukua ufagio wa kupakia, nikaenda mdomoni mwa kanjia kumfuta. Sikuuliza mtu.

Mwanamke wa maandazi aliniona kwanza. Akaacha mafuta yake motoni akaja kusimama mbele yangu. "Ukianzia hapa, kesho wengine watafuta kwao," akasema, "na kesho kutwa wezi wanarudi." Wakaja na wengine. Nikawaambia ukuta ni wetu na mama ni wangu. Mmoja akasema kanjia ni yetu sote. Nikamwambia basi muchukue na maiti, mukazike nyinyi sote! Neno lile lilinitoka hivyo, maiti. Shefu alikuwa amefika. Aliweka mkono juu ya ndoo yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Umemuuliza mama?"

Nilikuwa sijamuuliza. Nikaenda na ndoo yangu, chokaa inamwagika barazani, nikasimama mlangoni kwake. "Mama, naenda kukufuta kwa ukuta."

Akafumbua macho. "Ukinifuta, njo umenizika."

"Na nikikuacha?"

"Ukiniacha, watu wanaendelea kunililia."

"Sasa nifanye nini? Uniambie! Nikuache pale unakufa, nikutoe pale unakufa! Mimi nina mama mmoja!"

Nililia. Sikujificha. Nilikaa chini kando ya ndoo nikalia kama mtoto aliyepigwa, na jikoni nikamsikia mama mudogo naye ameanza, halafu amejiziba mdomo upesi akikumbuka kwamba machozi yake ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Mama alituachia tulie. Halafu akasema, "Muniitie Fundi."

Fundi alikuja na kofia mkononi. Hakuwa amelala vizuri, ilionekana. Alikataa kiti, akachuchumaa kando ya kitanda. "Mama, unisamehe. Mimi niliona mawese tu. Sikuona kilio."

"Sikukuitia samahani," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini makali yake yalikuwepo, na nilipoyasikia nikasimama wima. "Ukichora muntu wa kilio, unamuishilizia wapi?"

Fundi akaonyesha kwenye kifua chake. "Hapa, Mama."

"Sababu?"

Akafikiri. "Picha wanayoniletea inaishia hapo. Mukono umezoea."

"Na muntu muzima anaishia wapi?"

Fundi hakuelewa mara moja. Akamwangalia mama, akaniangalia mimi, halafu akaangalia chini, kwenye miguu yake mwenyewe iliyojaa madoa ya rangi. "Anaishia chini," akasema.

"Basi unipatie miguu," mama akasema. "Umechora nusu yangu, watu wakadhani ingine iko kaburini. Unipatie miguu, nitembee. Na yale matawi, ni nani aliyakata? Matawi ya kukatwa ni ya kilio. Uyape muti, na muti uupatie mizizi."

Shefu, aliyekuwa mlangoni, alitoa filimbi mdomoni. Nilikuwa sijui hata kama alikuwa ameiweka.

Tatizo likawa ukuta. Chini ya kifua kile, plasta ilikuwa imeliwa na maji ya ziwa, matofali yako nje hadi magotini. Mama mudogo akasikia, akatoka jikoni bila kusema neno. Akakunja kikwembe kiunoni, akaenda kuchota udongo, akauchanganya na simenti kidogo aliyotoa shefu, akaukanda kwa miguu. Alipiga lipu ukuta ule mwenyewe, kichwa chake kitupu kinawaka juani. Walipotaka kumsaidia aliwasukuma. Alikuwa anaongea peke yake, nadhani alikuwa anasema ile aksanti.

Lipu ilipokauka, Fundi akaja na makopo yake. Akasimama mbele ya ukuta. Akarudi ndani.

"Mama," akasema, "miguu yako mimi siijui. Kila siku nakuona umekaa nyuma ya meza ya mafuta. Nikibuni, itakuwa miguu ya muntu mwingine."

Nilijua anachoomba na nilitaka kumfukuza. Mama alikuwa hajasimama siku kadhaa, hata chooni nilimbeba. Nikasema achore tu yoyote, nani atajua? Mama akasema, "Mimi nitajua."

Akatoa mguu mmoja kitandani. Akatoa wa pili. Ilikuwa imevimba kidogo, na kucha zilikuwa na mawese ndani kama siku zote. Nikamshika kwapani. Akaniambia niondoe mkono. Nikauacha karibu tu, bila kumgusa, tukatoka hivyo, yeye mbele mimi nyuma na mikono yangu hewani. Barazani akasimama akapumua. Watu wa kanjia walikuwa wamejaa, mwenye maandazi, watoto na kamba yao, hata mtu wa sola. Nilisikia mafuta ya maandazi yakichemka.

Kutoka baraza hadi mdomoni mwa kanjia si mbali, kuku anaruka mara mbili anafika. Mara mbili goti lake lilikubali kuanguka na mara mbili alilikataza. Alipofika akageuka, akaegemeza mgongo kwenye ukuta, chini ya sura yake, visigino vimegusa lipu mpya. Fundi akapiga magoti na kipande cha makaa, akaanza kumzungushia. Kiuno. Mapaja ndani ya kikwembe. Mashavu ya miguu. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mama.

"Upesi, Fundi," nikasema.

"Muache afanye kazi," mama akasema.

Alipomaliza vidole, mama akaondoka ukutani, akatazama chini. Akakunja uso. "Hii si mimi. Kidole changu hiki umekinyoosha. Kilipindishwa na dumu la mafuta, kila muntu anajua. Kipinde."

Mtoto mmoja akacheka. Halafu mwingine. Fundi akafuta kwa kiganja, akakipinda. Mama akamwambia zaidi, akazidisha. Hapo watu wote walikuwa wanacheka, na mama mudogo alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunika uso kwa mikono yenye udongo. Mama akaenda akakaa karibu naye. Akampapasa kile kichwa, mbele nyuma.

"Umekuwa mubaya sana," akamwambia. "Unga wako wa kilio uko wapi? Usongwe, mimi nina njaa."

Tulikula bukari ya msiba wa mama, na mama akala nyingi kutushinda. Kuku wote wawili walichinjwa. Fundi alimaliza ukuta polepole: mchikichi umesimama na mizizi yake, vishada vyekundu vya chikichi, na mama anatembea, dumu mkononi, mguu mmoja mbele, kidole kimepinda. Tuliipiga picha, tukaituma kote ilikotangulia ile ya kwanza. Wateja wakarudi. Watoto wa kanjia wakawa na mchezo wao, wanaweka miguu juu ya miguu ya ukutani kupima nani amekua.

Mama aliuza mawese mbele ya ukuta ule miaka mingine kadhaa. Nywele za mama mudogo ziliota. Kila msimu alikuja na lori la mahindi, na kila mara akifika alisimama mdomoni mwa kanjia akaupigia ukuta saluti, akasema, "Yaya, uko?" na mama akamjibu kutoka ndani, "Niko, ingia."

Halafu, mwaka huu, mvua zinaanza, mama alilala mchana akiwa na homa kidogo na hakuamka. Hakukuwa na kosa la mtu.

Nilisimama kwenye kanjia kumpigia mama mudogo, kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika vizuri. Nyuma yangu shefu na vijana walikuwa wanasimika matawi ya mchikichi, ya kukatwa. Mara hii simu ikapita. Nikamwambia, "Mama mudogo, yaya yako ametuacha."

Halafu akaanza kucheka.

"Safari hii hamunipati," akasema. "Nywele zangu zimeota vizuri, sinyoi tena kwa ajili ya rangi. Uangalie kwa ukuta, hana miguu?"

Niliangalia. Anayo. Nilitaka kumwambia tena, nikachuchumaa, nikaweka kiganja juu ya kile kidole kilichopinda. Yeye aliendelea kucheka, akaniambia atakuja mahindi yakikomaa, na kwamba nimwambie yaya yake amtunzie dumu moja la mawese, lile zuri, asiwauzie watu lote.

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama mudogo. Nitamwambia."